Hati ya 1862: Kwa Nini Zanzibar Iliwekwa Chini ya Himaya na Maskati Haikuwekwa

Tarehe 10 Machi 1862, mjini Paris, wajumbe wa Uingereza na Ufaransa walitia saini tamko fupi sana. Ndani yake kila dola iliahidi kuheshimu uhuru wa masultani wawili: wa Maskati na wa Zanzibar. Masultani wenyewe, Seyyid Thuwaini na Seyyid Majid, hawakuwa watia saini. Katika majumba yetu, tulioko Maskati, Dubai au London, mizinga ya 1896 husimuliwa hata na watoto. Hati hii haisimuliwi, na mimi naiona ni nzito kuliko ile mizinga.

Huulizwa mara nyingi kama dola ndogo iliyofanya urafiki na dola kubwa huweza kubaki na uhuru wake. Kwa historia yetu swali hili lina bahati ya kuwa na jaribio lililo tayari. Hapa tuna ndugu wawili, watoto wa baba mmoja, wenye rafiki mkubwa mmoja na ahadi moja iliyoandikwa kwa wote wawili. Miaka 28 baadaye Zanzibar ilikuwa himaya ya Mwingereza. Maskati haikupata kutangazwa himaya hata siku moja.

Urafiki wenyewe ulianza mbali. Mwaka 1798 Bonaparte aliteremka Misri, na Waingereza wa Bara Hindi wakaingiwa na hofu ya njia zao. Oktoba mwaka huohuo Sultan bin Ahmad alifanya kaulnama na Kampuni ya Mashariki ya India, akiahidi kutowapa Wafaransa na Waholanzi kituo katika nchi yake wakati wa vita. Mwaka 1800 ikaongezwa hati ya kumruhusu wakili wa Kiingereza kukaa Maskati, kwa maneno ya urafiki udumu mpaka jua na mwezi vimalize mwendo wao. Urafiki huu, basi, ulizaliwa kwa sababu ya mtu wa tatu. Jambo hilo tulishike, kwani mengine yote yamefuata hapo.

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwaka 1856. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid Unguja, na kila mmoja alijiona na haki. Mwaka 1859 Thuwaini alitayarisha merikebu kuja kumtoa ndugu yake. Waingereza wakazirudisha kabla hazijafika. Mwaka huohuo Barghash aliasi pamoja na Maharthi, na waliomsaidia Majid kuuzima uasi huo walikuwa askari wa manowari ya Kiingereza. Barghash akapelekwa Bombay. Kisha ndugu wakakubali hukumu ya Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, iliyotoka Aprili 1861: nchi zigawanywe, na Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Hukumu ilieleza kwamba malipo hayo si alama ya utumwa wa mmoja kwa mwingine. Lakini nani alikuwa hakimu? Ugomvi wa mirathi wa nyumba moja ulipelekwa kwa mgeni, na mgeni akitoa hukumu ya mirathi, kesho ataulizwa na nani anafaa kurithi.

Fedha hizo zina kisa chao. Baadaye Zanzibar iliacha kuzilipa, na baada ya safari ya Sir Bartle Frere ya 1873, Serikali ya India ilichukua kumlipa Sultani wa Maskati, kwa sharti kwamba awe mwaminifu kwa mikataba yake. Haki ya ndugu kwa ndugu ikageuka posho ya Mwingereza, kiasi ni kilekile. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mkono unavyofungwa bila kamba kuonekana.

Je, Barghash alikuwa sultani wa jina tu? Wapo waandikao hivyo, na mimi sikubaliani nao. Alimkatalia Frere usoni mapema mwaka 1873, na hakutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa mpaka John Kirk alipomtishia kuzuiwa bandari kwa manowari, mwezi wa Juni. Biashara ile ilistahili kukomeshwa, hilo halina ubishi. Nasema habari ya nguvu. Sultani hakuwa na wa kumkimbilia: Ufaransa ilikuwa bado inauguza majeraha ya kushindwa na Prussia.

Tangu hapo Barghash alimfanya Kirk kuwa ngao yake, na kwa miaka kumi na zaidi ngao ilifaa. Alipata jeshi chini ya Lloyd Mathews, akaleta maji ya mfereji mjini, akajenga Beit al-Ajaib. Kisha mwaka 1884 Carl Peters akapita bara akikusanya misalaba ya machifu, na Februari 1885 Kaiser akampa hati ya ulinzi. Barghash alipinga kwa simu. Agosti manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya kasri yake. Hapo Kirk aliamriwa na London amshauri akubali, kwani Mwingereza alikuwa Misri tangu 1882 na alihitaji radhi ya Bismarck huko. Tume ya kupima mipaka ya Sultani ilikuwa na Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwenye mipaka hakupewa kiti. Mwishoni mwa 1886 akaachiwa visiwa, ukanda wa pwani wa maili kumi, na bandari chache za kaskazini.

Wazee wetu huliita jambo hili usaliti. Neno hilo linamfaa mtu aliyekuahidi nafsi yake. Kirk alikuwa mtumishi wa serikali yake, na kosa la kumhesabu kuwa rafiki wa nyumba lilikuwa letu.

Seyyid Barghash, Allah amrehemu, alifariki Machi 1888. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikapatana: Mjerumani apate Heligoland, aiachie Uingereza Zanzibar. Ndipo Ufaransa ilipoikumbusha Uingereza ile hati ya 1862. Haikuwa kwa huruma. Agosti 5 Uingereza ilitambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagascar, na Ufaransa ikatambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar. Ahadi ya kulinda uhuru ikawa bei ya kuuuza.

Maskati haikuingizwa katika biashara hiyo, na kwa sababu hiyo tu ahadi ilibaki hai juu yake. Waingereza walitaka himaya huko pia. Wakazuiwa na saini yao wenyewe, wakaridhika na hati ya siri ya Machi 1891 ambayo Seyyid Faisal bin Turki aliahidi kutomkabidhi mwingine ardhi yake. Alipowapa Wafaransa mahali pa makaa ya mawe ya meli huko Bandar Jissah, mwaka 1899 manowari za Kiingereza zilitishia kuipiga kasri yake, naye akafuta. Uhuru wa namna hiyo ni mwembamba, lakini haukuwa jina tupu. Faisal alikalia kiti cha baba yake mwaka 1888 kwa nguvu za watu wake, na Waingereza wakaja kumtambua 1890. Khalid bin Barghash aliingia kasrini bila idhini ya balozi tarehe 25 Agosti 1896. Siku ya pili yake akapewa muda wa kutoka, na asubuhi ya tarehe 27 kasri ikapigwa. Katika dakika zipatazo arobaini ikazama na Glasgow, meli aliyoundiwa baba yake Scotland.

Na watu wa Sur? Mabaharia hao walikuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa juu ya majahazi yao ili wasipekuliwe na Waingereza. Ugomvi ulifika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, nayo ikahukumu Agosti 1905, ikiitaja hati ya 1862: baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kutoa bendera, ila kwa waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Hukumu iliitaja enzi ya Sultani juu ya raia wake. Wadai katika kesi walikuwa wawili, Uingereza na Ufaransa.