Homa baada ya kemo: dripu ya dakika 30 au ya masaa 4?

Mgonjwa wa saratani ya damu anapata kemo KCMC, Moshi, kisha anarudi nyumbani Babati. Siku ya 10 hivi, usiku, mwili unachemka. Nyumbani wanasema ni malaria, anapewa panadoli, wasubiri kukuche. Kusubiri huko kunaweza kumuua.

Kemo hushusha pia neutrofili, chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria. Mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita ya damu, na joto likafika nyuzi 38.3, au 38 kwa saa nzima, hiyo ni dharura. Usaha hauonekani, maana hizo chembe ndizo huutengeneza. Homa inaweza kuwa dalili pekee. Hata kipimo kikionyesha malaria, antibiotiki bado inahitajika.

Dozi ya kwanza inatakiwa iingie mshipani ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike hospitali. Kwa hiyo usianze safari ya Moshi, zaidi ya kilomita 200, na homa hiyo. Nenda kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara, au iliyo karibu zaidi, na uonyeshe karatasi za kemo.

Sasa dripu. Piperasilini-tazobaktamu, sefepimu na meropenemu huua bakteria kutegemea muda ambao dawa inabaki ya kutosha kwenye damu. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huipitisha dozi ileile kwa masaa 3 au 4 badala ya dakika 30. Utafiti wa Israel wa mwaka 2018 kwa wagonjwa wa aina hii uliona nafuu zaidi kwa dripu ndefu. Lakini BLING III ya 2024, yenye wagonjwa mahututi wapatao 7,000, haikuthibitisha kwamba dripu isiyokatika inapunguza vifo.

Dozi ya kwanza yenyewe hairefushwi, iingie haraka. Meropenemu huharibika mapema kwenye joto, hivyo mfuko mmoja wa kutwa nzima haufai. Pasipo pampu, nesi anahesabu: mililita 100 kwa masaa 4 ni kama matone 8 kwa dakika, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita. Na dawa inayobaki kwenye mpira isukumwe iishe, nayo ni sehemu ya dozi.