Muhimbili: Ndoa ya Chuo na Hospitali

Kwetu Ruanda, wilayani Mbozi, ukisikia "amepelekwa Muhimbili" huulizi anaumwa nini. Watu wanashusha sauti, wanaanza kuchangishana nauli. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Wengi tunaijua Muhimbili kama wodi tu, tunasahau kwamba pale pia ni darasa.

Hospitali ilitangulia. Waingereza waliifungua mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Ila majina ya wodi yanarudi nyuma zaidi. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi, aliyetoa fedha ya hospitali enzi za Wajerumani. Kibasila wa Uzaramo alinyongwa na Wajerumani haohao wakati wa Maji Maji. Mfadhili na mpinzani, leo majirani.

Tulipopata uhuru 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu, hesabu ambayo Mwalimu Nyerere hakuchoka kuitaja. Aliyetaka kusomea udaktari alivuka mpaka kwenda Makerere. Ndiyo maana 1963 ikaanzishwa Shule ya Tiba ya Dar es Salaam, na 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Mwaka 1976 ikafungwa ndoa: kitivo na hospitali vikawa taasisi moja. Anayefundisha na anayetibu wakawa na bosi mmoja.

Ndoa haikudumu. Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kishiriki. Mwaka 2000 Bunge likapitisha sheria ya talaka, hospitali ya taifa huku, chuo kule, uzio uleule. Chuo kikawa MUHAS mwaka 2007, kisha kikapata hospitali yake Mloganzila, iliyozinduliwa Novemba 2017. Haukupita hata mwaka mzima, 2018 Mloganzila ikakabidhiwa kwa Muhimbili.

Sipingi talaka yenyewe. Hospitali inahesabu vitanda na bili, chuo kinahesabu mitihani. Kugombania fungu moja la fedha kunachosha. Lakini udaktari haujifunzwi ubaoni. Unajifunzwa pembeni ya kitanda, na kitanda kina mwenyewe. Profesa akiingia wodini kama mgeni, mwanafunzi anayemfuata naye ni mgeni wa mgeni. Mwisho wa siku anayelipa ni mgonjwa atakayekutana na daktari huyo miaka mitano baadaye, kwenye hospitali ya wilaya isiyo na bingwa wa kumuuliza.

Ndiyo maana jambo hili si la Dar pekee. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sasa kina ndaki ya afya Mbeya, na wanafunzi wake wanajifunzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ambako sisi wa Songwe tunapita kwanza kabla ya kufikiria Muhimbili. Majengo yatakuja. Nani mwenye kitanda, hilo liandikwe mapema, wakati pande zote mbili bado zinapendana.