Wabia wa Salem na Biashara ya Unguja

Katika karne ya 19, tajiri wa Salem, bandari ndogo ya Massachusetts, hakupenda kumiliki meli nzima peke yake. Safari ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilichukua miezi, na dhoruba moja ingeweza kumfilisi. Basi meli iligawanywa hisa: mtu ana robo ya hii, thumni ya ile, na wabia wake aghalabu ni shemeji, wakwe, hata nahodha mwenyewe. Meli ikirudi, shehena huuzwa, hesabu hufungwa, kila mmoja akachukua fungu lake.

Ubia wa kudumu ulitaka bidhaa ya kudumu. Bidhaa hiyo ilikuwa sandarusi ya Unguja, utomvu mgumu wa miti. John Bertram na Michael Shepard walikuwa miongoni mwa walioijengea biashara mapema. Ilifika Salem na gamba la mchanga, ikaoshwa kwa maji ya magadi mpaka ukatokea uso wenye vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, kisha ikauzwa kwa watengeneza vanishi. Meli zilikwenda Unguja na vitambaa vya pamba, ndiyo merikani yenyewe.

Mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, uliweka ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja, balozi mdogo wa Marekani na mfanyabiashara kwa pamoja, kofia mbili ambazo hazikukaa vizuri kichwani. Akashikana na Jairam Shivji, Banyani wa Kutch aliyekodi forodha ya Seyyid. Jairam aliwauzia wachuuzi merikani kwa mkopo na kumkusanyia Waters sandarusi na pembe. Wafanyabiashara wengine, Waingereza na Wamarekani, walilalamika kwamba mlango umefungwa. Waters alikuwa mcha Mungu aliyechukia utumwa. Mbia wake alitoza ushuru kwa kila mtumwa aliyepita forodhani. Biashara haikusita kwa hilo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Biashara ya Bertram ilipita kwa ukoo wa mkwewe, kwa jina la Ropes, Emmerton, ikaendelea na wakala wake Unguja. Salem yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa bandari tulivu, na shehena za Unguja zikapakuliwa Boston na New York.