Kadi Iliyowekwa Rehani

Kadi za benki ziko za aina mbili, na naomba, ndugu msomaji, tuzitenganishe mapema. Ipo inayotoa pesa yako mwenyewe uliyokwisha kuiweka. Ikiisha, mashine inakukatalia, unarudi nyumbani na aibu yako kidogo. Halafu ipo kadi ya mkopo, unayotumia pesa ya benki kwanza, kulipa baadaye, na ukichelewa riba inaanza kukufuata. Washauri wa mambo ya fedha duniani kote wanasema shika ile ya kwanza, utaepuka madeni. Sawa kabisa. Ila ukiichungulia historia ya kwetu Mbulu na Hanang, utaona kwamba hata hiyo kadi njema inaweza kumzamisha mtu, tena vibaya kuliko ile ya mkopo. Inategemea iko mfukoni mwa nani.

Kwetu kukopa hakukuja na benki. Wairaqw na Wadatoga waliwekeshana ng'ombe tangu zamani sana. Mwenye ng'ombe wengi alimpa jirani au ndugu awatunze. Mtunzaji akapata maziwa na mbolea ya shamba, mwenye mali akabaki na ng'ombe wake na ndama zao. Matokeo yake usingeweza kujua utajiri wa mtu kwa kuhesabu zizi lake. (Sisi tunaojaribu kuandika riwaya tungepata hapo visa vya kutosha miaka kumi.) Lilikuwa deni, ndiyo, lakini aliyepewa alikunywa maziwa kila siku wakati deni likiendelea. Sikumbuki deni jingine lenye tabia hiyo.

Kisha likaja duka, na duka likaja na daftari. Unachukua shuka, chumvi, jembe, unaandikwa, mavuno yakitoka unalipa. Serikali ya Mwingereza ikaingilia kati kwa sheria, mwaka 1923 na tena 1931: mfanyabiashara asiye mwenyeji hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani mpaka mkopo uwe umeandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Walisema wanatulinda. Kweli mkulima hakunyang'anywa shamba kwa ajili ya deni la dukani, hilo tuwape. Lakini sheria hiyohiyo ilimfanya Mwafrika mwenye akili ya biashara aonekane mtoto mdogo asiyeaminika, na wafanyabiashara Waafrika waliipigia kelele sana. Daftari lenyewe wala halikufa. Liliendelea chini ya kaunta.

Wakati sisi tunazuiwa, wenzetu Marekani walikuwa wanasukumiwa. Septemba 1958 Bank of America ilituma kwa posta kadi za mkopo kama 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, watu ambao hawakuziomba. Unafungua bahasha, unakuta deni lako linakusubiri! Wengi hawakulipa, wezi wakaingia, benki ikala hasara kubwa mwanzoni. Hata hivyo kadi ile ndiyo baadaye ikawa Visa.

Hapa kwetu benki ilikuwa ya foleni. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mabenki yalitaifishwa na ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Mwalimu aliyefundisha Yaeda Chini au Bassotu alifunga safari hadi mjini kufuata mshahara, na vumbi lote lile. Mwaka 1997 benki hiyo ikagawanywa, ikatoka NMB, ile ambayo watumishi wengi wa wilayani wanaijua. Kadi zilipokuja zilikuwa ukombozi kwa kweli: unachomeka, unabonyeza namba ya siri, unaondoka. Na mashine haikukopeshi.

Sasa hapo ndipo mtaa ulipotushinda akili. Mkopeshaji wa mtaani haji na daftari tena. Anamwambia mwalimu: nipe kadi yako na namba ya siri, chukua hela. Siku mshahara unapoingia, yeye ndiye wa kwanza kwenye mashine. Anakata chake, anachobakiza ndicho mwalimu anapewa mkononi, kama mtoto anayetumwa dukani. Mikopo hii watu wameipa jina la kausha damu, na jina limetosha.

Tufanye hesabu ya kubuni. Mshahara laki sita, mkopo laki tatu, riba asilimia thelathini kwa mwezi. Kila mwezi riba peke yake ni 90,000. Miezi sita mwalimu ameshatoa 540,000, na zile laki tatu bado anadaiwa kama alivyozichukua. Benki haina habari. Kwenye vitabu vyake huyo ni mteja safi, anatoa pesa yake mwenyewe kwa kadi yake mwenyewe.

Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, kitabu kilichotoka 1969, hakusema mfanyabiashara wa Venisi. Alisema Mabepari wa Venisi. Shuleni tulicheka ile ratili ya nyama. Siku hizi sicheki sana, maana Shailoki angalau alikwenda mahakamani.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Wengine wamehamia kwenye simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Ujumbe unaingia usiku, umepitishwa kukopa, bonyeza hapa. Fresno ileile, bahasha tu ndiyo imebadilika.

Wapo waliobuni njia ya kujinasua. Mtu anatoa taarifa kwamba kadi imepotea, benki inafunga ya zamani na kumpa mpya. Kadi haikupotea, bwana. Imo kwenye droo ya mtu mjini, imefungwa kwa mpira pamoja na za wenzake. Mwisho wa mwezi mkopeshaji anaichomeka, mashine inaikataa. Saa mbili asubuhi yuko nje ya shule, kakaa juu ya pikipiki yake, anasubiri kengele ya mapumziko.