MTOKO WA JUMAPILI: WAPENZI WA NEW YORK WALIVYOISHIWA HELA NA MANENO PALE CONEY ISLAND

Kuna watu wanaamini mtoko kubuma ni ugonjwa wa wapenzi wa siku hizi. Eti zamani watu walipendana kwa barua na maua, wakitoka wanarudi wanacheka. Thubutu! Zaidi ya miaka 100 iliyopita kule Marekani palikuwa na sehemu iliyotengenezwa kabisa kwa ajili ya wapenzi, na bado wapo waliopanda treni ya kurudi nyumbani wamenuniana, mfuko mweupe, viatu vimejaa mchanga.

Sehemu yenyewe ni Coney Island. Iko kusini kabisa mwa Brooklyn, jijini New York, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Mwaka 1884 fundi mmoja anaitwa LaMarcus Thompson aliweka pale treni ndogo ya kuteremka mabonde, kila safari senti 5. Mwaka 1895 Paul Boyton akazungushia eneo lake uzio na kuanza kutoza kiingilio getini. Mwaka 1897 George Tilyou akafungua Steeplechase. Luna Park ikafuata 1903, Dreamland 1904. Ndani ya miaka isiyofika kumi, ufukwe ule ukawa na bustani tatu kubwa za burudani zinazogombea wateja.

Na wateja walikuwa wengi kwelikweli. Kwa nini? Majibu yako nyumbani walikotoka.

NYUMBANI HAPAKUWA NA NAFASI

New York ya wakati ule ilifurika wahamiaji kutoka Italia, Urusi, Ireland na kwingineko. Wengi walibanana kwenye nyumba za kupanga za Manhattan, hasa mtaa wa Lower East Side. Binti anayeshona nguo kiwandani alilala chumba kimoja na wadogo zake, na mara nyingine familia ilimweka mpangaji humohumo ndani ili kodi ipatikane. Mchumba akija kusalimia, anakaribishwa jikoni. Mama anamenya viazi, baba anamkata jicho la pembeni, watoto wanachungulia. Hata kushika mkono ni mtihani.

Ongeza na kazi sasa. Siku sita kwa wiki, saa kumi au zaidi kwa siku. Jumapili ndiyo ilikuwa siku pekee ya kupumua, na ilikuwa Jumapili hiyohiyo kwa kila mfanyakazi wa jiji zima. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Wote waliotaka kuwa wawili peke yao walienda sehemu moja, siku moja, saa ileile.

OFA ILIKUWA NA MASHARTI

Tuje kwenye pesa. Mabinti wengi wa viwandani na madukani walilipwa chini ya dola 10 kwa wiki. Na hiyo bahasha ya mshahara, wengi walimkabidhi mama yao ikiwa haijafunguliwa, mama ndiye anayewarudishia kidogo cha nauli na chakula. Vijana wa kiume waliachiwa hela ya mfukoni zaidi, ingawa na wao walikuwa na familia za kusaidia.

Matokeo yake, mwanaume ndiye alilipia mtoko. Huko kwao utaratibu huo ulikuwa na jina lake, na kwa Kiswahili cha mtaani tungeuita ofa tu. Wapo mabinti waliotoka nyumbani na nauli ya kwenda peke yake, mengine yote wakitegemea watapata jamaa hukohuko wa kuwalipia. Hawakuwa watu wabaya. Mshahara wao haukutosha kununua burudani, na burudani waliitaka kama binadamu yeyote.

Lakini ofa ina masharti yasiyosemwa. Jamaa akishalipa tiketi, soseji na soda, kichwani mwake anaanza kupiga hesabu ya kinachofuata: busu? Kukumbatiwa? Au zaidi ya hapo? Binti naye anapiga hesabu zake: nimpe kiasi gani ili nisionekane mchunaji, na nimnyime kiasi gani ili nisije nikasemwa mtaani? Hesabu hizo mbili zilikuwa zinatembea pamoja ufukweni siku nzima na hakuna aliyezitamka.

JUMAPILI MOJA, KIANGAZI CHA 1909

Tuwachukue wapenzi wawili wa aina hiyo. Hawana majina, maana hawa ni mfano wa wengi. Yeye anashona, jamaa anabeba mizigo ghala moja hivi. Jamaa ameweka akiba wiki mbili. Binti amevaa sketi ndefu na kofia aliyoazima kwa dada yake.

Treni imejaa, wanasimama njia nzima. Wakishuka, jua liko utosini. Wanaelekea Steeplechase, tiketi ya pamoja senti 25 kwa mtu mmoja. Nusu dola imeondoka na bado hawajakaa chini.

Wanaanza na kile kilichoipa bustani jina lake, mbio za farasi wa bandia. Farasi wanateleza kwenye reli kuizunguka bustani, wanapanda na kushuka. Siri ya Tilyou ni kwamba watu wawili waliruhusiwa kupanda farasi mmoja, binti mbele, mwanaume nyuma amemshikilia. Nyumbani kwa baba mtu, mkao huo ungeleta kesi. Pale ni mchezo tu, na usipomshikilia ataanguka! Muda huo mfupi ndio jamaa aliusubiri wiki mbili.

Farasi anasimama. Wanashuka wanahema, wanacheka, wanafuata njia ya kutokea kwenye giza. Ghafla wanajikuta jukwaani, taa zinawaka usoni, watazamaji wamejaa mbele yao. Upepo mkali unafumuka sakafuni, sketi ya binti inapanda juu, kofia ya kuazima inapaa. Mchekeshaji anamkimbiza jamaa na fimbo yenye umeme. Ukumbi mzima unavunjika mbavu.

Hii haikuwa ajali. Ndivyo palivyopangwa. Ukitoka kwenye farasi, njia inakupitisha jukwaani, na ukishaaibika unaruhusiwa kwenda kukaa kwenye viti uwacheke wanaofuata. Tilyou aligundua kwamba watu wako tayari kulipa hela yao wenyewe wakatumbuizane, yeye hahitaji kuajiri wasanii wengi.

Wapo waliopenda mchezo ule na kurudi tena na tena. Lakini mwaka 1909 binti kuonekana magoti mbele ya kadamnasi halikuwa jambo dogo, na kwa wapenzi hawa swali lilikuwa moja: wakati ukumbi unacheka, jamaa alikuwa anafanya nini? Akikimbilia kumfunika na kumwokotea kofia, mtoko umepona. Na kama alikuwa anacheka pamoja na wale wa kwenye viti, basi tena. Hakuna soseji ya kulifuta hilo.

Mchana wanahamia Luna Park, maana ndiyo yenye taa, inasemekana 250,000, na binti amezisikia kiwandani. Tatizo la Luna ni kwamba unalipa getini, halafu ndani kila burudani ina bei yake. Jamaa anaanza kusoma bei kabla hajasoma jina la mchezo. Binti anaona. Anasema hana hamu, wakati hamu anayo sana tu. Jamaa anadhani amechoshwa naye. Wanakaa kwenye benchi kusubiri giza liingie taa ziwake, kwa sababu kuangalia taa hakuongezewi bei.

Taa zikiwaka, kweli ni nzuri. Lakini saa hiyo kila mtu anakimbilia treni ya kurudi, kesho kuna kazi. Mtoko umekwisha hivyo.

HATA MAJIVU YALIUZWA

Kama unadhani wenye bustani hawakujua walichokuwa wanafanya, rudi nyuma miaka miwili. Julai 1907 Steeplechase iliteketea kwa moto. Mtu mwingine angelia. Tilyou alibandika tangazo kwamba anayetaka kuangalia magofu yanayofuka moshi alipe senti 10. Na watu walilipa! Mwaka uliofuata alifungua jumba jipya la chuma na vioo, ili hata mvua ikinyesha wateja wasiondoke.

Bustani jirani hazikuwa na bahati hiyo. Dreamland iliungua Mei 1911, mwanzoni kabisa mwa msimu, moto ukaanzia kwenye burudani iliyoitwa Lango la Jehanamu, na haikujengwa tena. Luna Park nayo iliungua 1944.

Katikati hapo mambo yalizidi kuwa rahisi. Mwaka 1916 Nathan Handwerker alianza kuuza soseji kwa senti 5 wakati mpinzani wake aliuza 10. Mwaka 1920 ukaweza kufika Coney Island kwa treni ya jiji kwa senti 5 tu. Ungedhani sasa wapenzi wangefurahi. Lakini bei iliposhuka umati ulipanda. Picha za Jumapili za joto za miaka ya 1930 na 1940 zinaonyesha ufukwe usioonekana hata mchanga, ni vichwa tu. Hela ya kutoka ilipatikana, nafasi ya kuwa wawili ikapotea.

Steeplechase ilifungwa 1964. Eneo lilinunuliwa na Fred Trump, ndiyo, baba yake Donald Trump. Mwaka 1966 aliandaa hafla ya kulibomoa lile jumba na wageni wakaalikwa kurusha matofali kwenye vioo. Nyumba alizotaka kujenga pale hazikujengwa.

JUMAPILI NYINGINE, UPANDE WA PILI WA NCHI

Walt Disney alipotaka kujenga bustani yake kule California, hakutaka ifanane na Coney Island, aliiona chafu. Yake ilikuwa ya familia, geti moja, usafi, hakuna pombe. Ikafunguliwa Jumapili, Julai 17, 1955, matangazo yakirushwa moja kwa moja kwenye televisheni.

Ilikuwa balaa. Walifika watu kama 28,000, wengi wakiwa na tiketi za kughushi. Joto lilifika nyuzi 38 hivi. Mafundi bomba walikuwa wamegoma, hivyo Disney alilazimika kuchagua kati ya mabomba ya maji ya kunywa na vyoo, akachagua vyoo. Lami ilikuwa laini bado, visigino vya kinamama vikazama. Chakula kikaisha. Waliokuwepo waliibatiza Jumapili Nyeusi. Na bado kabla mwaka haujaisha bustani ilishapokea zaidi ya watu milioni moja.

Kampuni ilipofika Japani na Tokyo Disneyland mwaka 1983, wapenzi walikuja, na baada ya muda vijana wa kule wakawa na imani yao, kwamba wapenzi wakienda pale kwa mtoko wa kwanza wataachana. Ukiuliza sababu, wengi wanakutajia foleni. Watu wawili ambao hawajazoeana wanasimama saa nzima kusubiri mchezo wa dakika tatu, stori zinaisha, miguu inauma, na hapo kila mmoja anamuona mwenzake alivyo.

Ukiziweka Jumapili zote hizi pamoja, kinachojirudia si ubahili wa jamaa wala maringo ya binti. Watu wenye siku moja tu ya mapumziko walitumwa sehemu moja, wakauziwa kwa vipande kile ambacho nyumbani hakikuwepo, yaani nafasi ya kuwa wawili. Halafu ikishindikana, wakalaumiana wao kwa wao, sio geti, sio bei, sio mshahara wa kiwandani.

Yule binti wa 1909 angekuwa na la kumwambia jamaa pale kwenye benchi: "Hamu ninayo, ila najua hela imeisha, tukae hapahapa." Maneno hayo hayana kiingilio. Pengine wapo walioyasema, na hao ndio waliorudi kwenye treni wamesimama njia nzima, wameshikana mikono.

Wewe mdau, mtoko wako ukibuma, ulimlaumu nani?