Kupaka, Kupuliza na Kutona: Istilahi za Rangi ya Pikipiki

Neno msasa lina historia inayostahili kutangulia. Asili yake ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi walisugulia mbao. Kabla ya karatasi ya kiwandani kuenea, jani hilo ndilo lililofanya kazi yake. Leo fundi wa Kahama huagiza msasa wa maji namba 1000 bila kuufikiria mti huo. Hakuna kamati iliyoketi kulitunga neno hili. Kazi ndiyo iliyolihamisha kutoka jani hadi karatasi.

Vitenzi vya rangi havikubahatika hivyo. Kupaka ni kitendo cha mkono na brashi. Mwaka 1924 magari ya Oakland ya Marekani yalitoka na rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont, iliyopulizwa kwa hewa ikakauka kwa saa chache badala ya siku nyingi. Nasi, kazi hiyo ilipotufikia, tukawa na kupuliza, kitenzi cha pumzi. Juu ya hivyo viwili kuna kupiga, ambacho hubeba kila mzigo: pasi, simu, deki, na rangi pia.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Pikipiki za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 zilitiwa rangi iliyookwa katika tanuri la kiwanda, ikashikamana na chuma kwa ugumu ambao karakana ya kawaida haiwezi kuurudisha. Mwenye chombo huona mkwaruzo mdogo juu ya tangi, akasema, "Nipigie rangi." Fundi, kwa utiifu, husugua tangi zima hadi chuma na kulipuliza upya. Mistari na maandishi ya kiwandani hupotea, na rangi mpya, kama haikuchanganywa na kigumishi, hulainika petroli inapoichuruzikia. Fundi hana kosa. Aliambiwa kupiga, akapiga.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, tangi lina adui mwingine. Dhahabu ya huko hupatikana mara nyingi katika mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wadogo husaga kwenye karasha. Kwatsi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs chenye daraja 10, na kwa hiyo huishinda rangi yoyote. Vumbi lake likitua juu ya tangi, kitambaa kikavu cha kupangusia hugeuka kuwa msasa mtupu! Maji mengi hutangulia, kitambaa hufuata.

Kwa kazi ya kurekebisha doa peke yake tunapendekeza kutona. Waswahili wa pwani hutona hina, yaani huitia kidogo kidogo mahali palipokusudiwa, na hicho ndicho kitendo chenyewe: kutu huondolewa kwenye jeraha tu, hutiwa rangi ya msingi, kisha rangi hutonwa kwa brashi ndogo, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likiachwa likauke. Huenda wengine wakasikia tone la maji katika neno hili; hatuoni ubaya, kwani rangi yenyewe huwekwa kwa matone. Mafundi wa Shinyanga na Geita wenye neno bora zaidi twawaomba watuletee.