Manowari ya Bomba Tatu na Swali Nisilomwuliza Babu



Mhariri aliponitaka niandike habari za safari, nilifikiri kwanza kuwasimulia juu ya magari. Nimekwisha kuyaona magari ya zamani ya viongozi katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, yakiwamo aliyoyatumia Mwalimu Nyerere. Watoto wa shule huyazunguka wakiulizana, "Nani alipanda hili?" Ni swali zuri. Lakini kipo chombo kingine kilichonisafirisha mpaka Mombasa kisha kikanirudisha nyumbani Rufiji, na swali lake ni jingine: nani alikivuta?

Mwaka 1979 nilikuwa Kidato cha Tatu. Mwalimu wetu wa Historia alitupa kazi ya likizo: kila mmoja akamwulize mzee wa kwao habari za Vita Kuu ya Kwanza. Kwetu ni delta, na babu yangu alikuwa hai. Mimi, kwa uvivu, nilinakili kitabu cha maktaba, nikapata alama 17 katika 20. Nilichoandika ni hiki.

Manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilishushwa majini huko Kiel, Desemba 1905. Ukumbuke mwaka huo. Miezi minne kabla, tarehe 4 Agosti, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro, hapa hapa Rufiji, na Vita vya Maji Maji vikaenea kusini. Juni 1914 manowari hiyo ilifika Dar es Salaam, nahodha wake akiwa Max Looff. Ilikuwa na mizinga 10 ya sentimeta 10.5 na dohani tatu, na watu wa pwani wakaiita "Manowari na bomba tatu."

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia Pegasus, manowari ya Waingereza iliyokuwa ikitengenezwa mitambo bandarini Unguja, ikaizamisha. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Kisha Königsberg yenyewe ikaharibikiwa na mitambo, ikajificha ndani ya delta, karibu na Salale. Palikuwa mahali pazuri pa kujificha: mto una midomo mingi, mikoko ni mirefu, na maji ya kupwa humkwamisha asiyeijua njia. Sehemu za boila zilifunguliwa, zikapelekwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 10 Novemba walizamisha meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba njia. Januari 1915 waliteka kisiwa cha Mafia, wakatengeneza huko uwanja wa ndege. Wakaleta Severn na Mersey, manowari zinazoweza kupita maji haba. Tarehe 6 Julai walishindwa. Tarehe 11 Julai, ndege ikiwaelekeza wapigaji mizinga kutoka juu, walifaulu, na Looff akaamuru manowari yake izamishwe. Lakini mizinga yote 10 iliopolewa, ikavutwa hadi Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu, ikapelekwa vitani. Mmoja ulipata hata kufungwa juu ya meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Vita vyenyewe vilikwisha kwetu pale Jenerali Lettow-Vorbeck alipojisalimisha huko Abercorn, leo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Rudieni sasa kuyasoma maneno yangu ya Kidato cha Tatu. Looff aliamuru. Waingereza walizamisha, waliteka, walileta. Bali boila "zikapelekwa" na mizinga "ikavutwa," kana kwamba vyuma vile vilijivuta vyenyewe!

Babu alinisikia nikisoma insha ile kwa sauti barazani. Akasema, "Baba yangu alivuta chuma cha Wadachi mpaka Dar es Salaam. Aliporudi, bega lake moja lilikuwa chini kuliko la pili." Nikamjibu, "Ndiyo, babu," nikaondoka kwenda kucheza mpira. Babu alifariki mwaka 1983.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Mombasa kwa ajili ya harusi, nikapata nafasi ya kuitembelea Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Humo niliukuta mzinga mmoja wa Königsberg, na mmoja wa Pegasus. Mahasimu wa Unguja wamestaafu pamoja katika ua mmoja. Nikauwekea mkono ule wa Königsberg. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua.

Hapo ndipo neno la babu liliponirudia. Chuma gani, babu? Kilikuwa boila za mwaka 1914, au mizinga ya mwaka 1915? Baba yako alilipwa, au alikamatwa? Alikuwa pamoja na akina nani, na wangapi hawakurudi? Nilisimama pale mpaka jamaa zangu wakaanza kuniita. Mzinga mwingine uko Pretoria, kwenye Majengo ya Serikali, nao pia watu husafiri kwenda kuutazama. Lakini mzinga hauwezi kunijibu. Aliyeweza kunijibu nilimwacha barazani nikaenda mpirani.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda kuitazama upya Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao kubwa pale mjini ni jina la Kariakoo, nalo tunalitaja kila siku tukienda kununua vitunguu.

Mwisho nilikuja nyumbani. Basi limenishusha Kibiti kwa njia ya lami, tofauti kabisa na zama zetu za kusukuma lori matopeni. Kutoka Nyamisati nilikodi boti. Tulingoja maji yajae, tukapita kati ya mikoko hadi nahodha akazima mashine. "Ndiyo hapa, mzee," akasema. Sikuona kitu ila maji ya rangi ya chai na kongoti mmoja. Wanunuzi wa chuma chakavu waliikatakata manowari ile kwa miaka mingi, na kufikia mwaka 1966 mabaki yake yalikuwa yamedidimia matopeni. Nilimwuliza nahodha kama wazee wa kwao walisimulia lolote juu ya waliovuta vyuma. Akafikiri, akasema, "Marehemu bibi alikuwa akijua."

Ndugu zangu, sikuandika haya ili kuwatia huzuni. Nina ombi. Kwa wenzangu tuliosoma pamoja: tuchange tuipatie maktaba ya shule kabati moja, daftari madhubuti na chombo cha kunasia sauti. Mimi nimekwisha kutoa mchango wangu. Kwa ninyi wanafunzi: mwalimu akiwatuma kwa wazee, nendeni. Mzee akisema neno moja, mwulizeni la pili. Waliomwona mvuta mizinga kwa macho yao wamekwisha, lakini wapo bado waliosikia kwa waliomwona, na vijiji vyao ni mwendo wa siku moja tu kutoka bwenini kwenu.

Nami ile insha ningali ninayo. Alama 17 katika 20 zilikuwa nyingi mno.